Sikio Linaloisubiri "T" Isiyotamkwa

Tuseme zamu ya usiku inakwisha katika hospitali moja nchini Uingereza. Muuguzi anayeondoka anamkabidhi mwenzake wodi, kitanda kwa kitanda, na akifika kwa mzee aliyevunjika nyonga anasema, macho yakiwa bado kwenye karatasi zake: "Just tell him he can't stand by himself." Mwambie tu kwamba hawezi kusimama peke yake. Ni maneno manane, na ukiyaandika ubaoni mwanafunzi wa kidato cha pili atakufasiria bila kusita. Lakini mpokeaji wa zamu hakuandikiwa. Alichokisikia, kama tungekiandika kwa tahajia yetu, kinakaribia hiki: "jastelimi kaanstambai-imself."

Hebu zitafute sauti zilizopotea. "T" ya "just" imemezwa na "t" ya "tell". "H" ya "him" haipo, ya "he" haipo, ya "himself" haipo. "T" ya "can't", ile ambayo kila mwanafunzi wetu amefundishwa kwamba ndiyo alama ya kukanusha, haikutoka mdomoni. "D" ya "stand" imekwenda, na "n" iliyobaki nyuma yake imegeuka "m", kwa kuwa midomo ilikwisha kujiandaa kufungia "b". Sauti sita zimeanguka ndani ya sekunde mbili, na msemaji hana habari kwamba ameangusha hata moja.

Anayesikiliza huenda ametoka Kisumu au Mombasa. Tangu Julai 2021, Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano ya ajira za wahudumu wa afya, safari hiyo ina njia rasmi. Anayepita njia ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS ili asajiliwe kuwa muuguzi kule hutakiwa kupata 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Sehemu ya kusikiliza ina maswali 40, huchukua kama dakika 30, na rekodi huchezwa mara moja tu. Na mtihani wenyewe ni mpole kuliko wodi.

Wanaisimu wa Kiswahili huliita jambo hili la sauti kuanguka udondoshaji. Vyuoni linafundishwa kama sehemu ya fonolojia, pamoja na istilahi zake, na mara nyingi linaishia kwenye karatasi ya mtihani. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba kwa anayejifunza Kiingereza udondoshaji ni somo la sikio kabla ya kuwa somo la ulimi, na kwamba shule zetu zimeliacha hilo la sikio bila mwalimu.

Kiingereza kinaingia Afrika Mashariki kupitia macho. Katika shule za serikali za Tanzania mtoto husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengi, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Anachokutana nacho ni vitabu: anasoma, ananakili, anajibu kwa kuandika. Sauti anayoisikia ni ya mwalimu wake, ambaye naye alikipata Kiingereza kutoka kwenye maandishi, na anayeyatamka maneno kwa ukamilifu, kila herufi ikipewa haki yake. Hakuna ubaya wowote katika matamshi hayo, na nitarudi kuyatetea. Tatizo ni kwamba mwanafunzi anahitimu akiamini hivyo ndivyo Kiingereza kinavyosikika kila mahali.

Redio nayo ilitulea hivyo hivyo. Mwaka 1959 Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo yaliyoitwa Special English: msamiati wa maneno kama 1,500, sentensi fupi, na kasi ya takriban theluthi mbili ya mazungumzo ya kawaida. Wasikilizaji wengi wa bara letu walijifunzia hapo, na ilikuwa zawadi kubwa. Lakini mtu akisoma polepole vile, maneno yanatengana na sauti zinarudi mahali pake. Msikilizaji anazoea lugha ambayo hakuna mtu anayeizungumza kwenye foleni ya basi kule Leicester. Jina la mji huo lenyewe hutamkwa "Lesta".

Kanuni zipo

Watu wengi hudhani Waingereza na Wamarekani wanameza maneno ovyo, kwa uvivu au kwa haraka. Si kweli. Udondoshaji una utaratibu, na kwa kuwa una utaratibu unafundishika.

Kanuni yenye faida kubwa kuliko zote inahusu "t" na "d". Sauti hizi zikiwa mwishoni mwa neno baada ya konsonanti nyingine, na neno linalofuata likaanza na konsonanti, mara nyingi huanguka. "Next day" inakuwa "neksdei". "Last night" inakuwa "laasnait", "old man" inakuwa "oulman", "must be" inakuwa "masbi". Neno linalofuata likianza na irabu, sauti hiyo hupona na kuhamia mbele: "first of all" husikika kama "fastovol", "t" ikiwa imeng'ang'ania neno ambalo si lake. Mwanafunzi akilijua hili moja tu, maneno mengi aliyokuwa akiyasikia kama mapya yatageuka kuwa maneno anayoyafahamu tangu shule ya msingi.

Madhara yake yanafika hadi kwenye sarufi. Tumetumia miaka kumfundisha mtoto kwamba wakati uliopita wa vitenzi vya kawaida ni "-ed". Sasa asikilize "they walk back" na "they walked back" zikisemwa na mtu asiye na haraka wala asiyejitahidi. Mara nyingi zote mbili ni "theiwokbak". Mzawa wa lugha haisubiri "-ed". Anategemea "jana" iliyotajwa sentensi mbili nyuma, au mtiririko wa kisa chenyewe. Mwanafunzi wetu anaisubiri, haiji, naye anaamua kwamba tendo linafanyika sasa. Wanaisimu wa Marekani waliofuata nyayo za William Labov, walioanza kurekodi mazungumzo ya watu wa kawaida mijini katika miaka ya 1960, waligundua jambo linalopendeza hapa: "t" iliyo sehemu ya neno, kama ile ya "mist", hudondoshwa mara nyingi zaidi kuliko "t" inayobeba wakati uliopita katika "missed". Ulimi unajua kwamba "t" ya pili ina mzigo, hivyo unaihurumia kidogo. Lakini kidogo tu.

Ya "h" ni fupi. Katika viwakilishi visivyotiwa mkazo, "he", "him", "her", "his", sauti hiyo huondoka: "tell her" ni "tela", "did he" ni "didi". Usichanganye hili na tabia ya mitaa ya London ya kuiacha "h" hata kwenye "house". Ile ni lafudhi ya watu fulani. Hii ya "him" utaisikia kwa profesa wa Oxford.

Kisha kuna ile irabu hafifu ambayo Kiswahili hakina, irabu ya mwanzo wa neno "about", isiyo "a" kamili wala "e" kamili. Sisi tuna irabu tano na zote zinasimama wima. Hii yao inalegea, na ikishalegea huanguka kabisa. "Chocolate" inabaki na silabi mbili. "Comfortable", neno ambalo kwetu lina silabi nne zenye nguvu, linafika sikioni kama "kamftbl". "Police" inakaribia "plis". "Support" ikisemwa haraka haiko mbali na "sport", na anayesikia kwamba kijana fulani anahitaji "sport" atamnunulia mpira.

Lakini mahali ambapo ningetumia wiki nzima, kama ningepewa darasa, ni "can" na "can't". Jozi hii inaamua iwapo mgonjwa anaruhusiwa kula, iwapo mzigo utasafirishwa leo, iwapo mpangaji anaweza kuhamia. Mwanafunzi wetu hufundishwa kwamba tofauti ni "t". Katika mazungumzo "t" hiyo mara nyingi haipo, hasa konsonanti ikifuata. Tofauti inakaa kwenye irabu na kwenye uzito. Mwingereza wa kusini akikubali husema "aikngou", neno "can" likiwa limenyauka hadi kubaki "kn". Akikataa husema "aikaangou", "kaan" ikiwa ndefu na nzito. Mmarekani hairefushi hivyo, lakini naye hulipa "can't" irabu kamili na uzito, huku "can" ikififia. Kwa hiyo kinachotakiwa kusikilizwa ni hiki: neno likisikika dhaifu, jibu ni ndiyo, likisikika kwa nguvu, aghlabu jibu ni hapana. Hatari ni kwamba Mswahili anapotamka "can" huitamka kwa nguvu, kwa sababu silabi zetu zote zina nguvu. Anasema "I can go" kwa nia njema, na mwenzake anaweza kusikia amekataa.

Kwa nini wanafanya hivyo

Mwaka 1945 mwanaisimu Mmarekani Kenneth Pike aliandika kwamba Kiingereza huhesabu mikazo wakati lugha nyingine huhesabu silabi. Alimaanisha kwamba mikazo ya Kiingereza huelekea kupishana kwa muda unaolingana, na silabi zilizobanwa katikati hulazimika kujikunja ili zitoshe. Vipimo vya maabara vilivyofanywa baadaye havikuthibitisha ulinganifu huo wa muda. Mikazo haiji kwa usawa kama Pike alivyodhani. Kilichosimama ni upande wa pili wa maelezo yake: silabi zisizo na mkazo katika Kiingereza hufupishwa na kufifishwa kwa kiwango ambacho Kiswahili hakikifahamu.

Kwetu mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini hauzinyang'anyi silabi nyingine chochote. Tena tunapopokea neno la Kiingereza tunalinda konsonanti zake kwa kuzipa irabu za kuegemea. Ndiyo maana tuna blanketi, sketi, benki na glasi. Mwingereza, akikutana na mrundikano wa konsonanti, hupunguza moja. Sisi huongeza irabu. Tatizo ni moja, na lugha mbili zimelitatua kwa kwenda pande tofauti kabisa. Hapo ndipo sikio letu linapopotea.

Ukubwa wa udondoshaji katika Kiingereza si wa kufikirika tu. Keith Johnson, aliyechunguza rekodi za mazungumzo ya watu wa Columbus, Ohio, aliandika mwaka 2004 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya maneno waliyosema yalitofautiana na matamshi ya kamusi kwa angalau sauti moja. Maana yake, anayejifunza matamshi ya kamusi peke yake amejiandaa kwa upande mdogo wa yale atakayoyasikia.

Mzawa wa lugha hawezi kukusaidia sana hapo, maana yeye mwenyewe hasikii kinachokosekana. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Richard Warren aliwachezea watu sentensi ambamo sauti moja katikati ya neno "legislatures" ilikuwa imekatwa na mahali pake kuwekwa kikohozi. Kati ya wasikilizaji 20, 19 walisema hakuna sauti iliyokosekana. Ubongo wao uliirudisha, na wakaisikia. Miaka michache kabla yake, watafiti Pollack na Pickett walikuwa wamekata maneno moja moja kutoka kwenye mazungumzo ya kawaida na kuwapa watu wayatambue bila sentensi zake. Karibu nusu hayakutambulika, na waliosikiliza walikuwa wazungumzaji wa lugha hiyo hiyo. Kwa hiyo ukimwambia Mwingereza kwamba hatamki "t" ya "next day" atakukatalia, kisha ataitamka polepole kukuonyesha kwamba ipo. Anasema kweli kwa jinsi anavyojisikia. Mwalimu lazima aujue ukweli mwingine, ule wa rekodi.

Na sisi tunadondosha

Nimesema Kiswahili kinalinda silabi zake, na ni kweli ukilinganisha. Lakini lugha yetu haiko nje ya jambo hili, na nadhani mwalimu wa Kiingereza anayeanza somo bila kupita hapa anajinyima msaada mkubwa.

Muulize mtu wa Dar es Salaam kama amefika. Atakujibu "nshafika". Aliyesema neno hilo akitakiwa kuliandika ataandika "nimeshafika", na ataapa kwamba ndivyo alivyosema. "Sijui" hupoteza irabu yake ya kwanza katika kila mtaa. "Saa hivi" ni "saivi", na Nairobi "saa hii" imekwisha kuwa "sai". Unguja watu husema "nnakwenda". "Mwenzi wangu" imekuwa "mwenzangu" hadi vitabuni, na hakuna mhariri anayeikosoa. Nenda Lubumbashi utasikia "mutu" na "mutoto", irabu ile ambayo pwani iliiacha zamani tukabaki na "mtu" na "mtoto". Ukirudi nyuma zaidi, "njaa" yetu ni "enjala" kwa Waganda na "njala" kwa Wachewa. "Mvua" yetu ni "imvula" kwa Wazulu. "L" iliyokuwa katikati ilidondoka katika vinywa vya mababu, na leo hakuna Mswahili anayeiona kama pengo.

Wageni wanaojifunza Kiswahili wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Wanatua na vitabu vyao vya "nimeshafika", mtu anawapigia "nshafika", wanabaki wamesimama. Mwanafunzi wa Kiingereza akionyeshwa hili kwa sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa kwa simu darasani, hofu inapungua. Anaacha kuwaza kwamba Kiingereza ni lugha ya watu wanaoficha maneno, na anaanza kutafuta utaratibu.

Darasani

Gillian Brown, aliyekuwa mwalimu wa fonetiki nchini Uingereza, alilisema jambo hili waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu kusikiliza Kiingereza kinachozungumzwa: mwanafunzi aliyezoea matamshi ya taratibu na ya wazi akikutana na mazungumzo halisi hataelewa, na dawa ni kumfundisha kusikiliza kwenyewe. Mtafiti John Field, mwaka 2008, alikosoa mtindo ulioenea duniani wa kucheza rekodi, kuuliza maswali matano ya ufahamu, kusahihisha na kuendelea. Anayepata matatu kati ya matano anabaki hajui kwa nini alikosa mawili. Kilichotendeka hapo ni kupima. Kufundisha bado hakujaanza. Richard Cauldwell, katika kitabu chake cha mwaka 2013, aligawa maneno katika hali tatu: yaliyo kwenye kitalu, kila moja kwenye chungu chake, yaliyo bustanini, yakigusana kwa utaratibu, na yaliyo msituni, yakiwa yamesongamana hadi moja halijulikani linaanzia wapi. Shule hufundisha kitalu. Mwalimu mwenye bidii hufika bustanini. Maisha yako msituni.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni imla, ile imla ya zamani tuliyoichukia, ila kwa kipande cha sekunde tatu cha mazungumzo halisi. Kicheze mara tano, mara kumi. Waambie wanafunzi waandike walichokisikia hata kama si neno, kwa tahajia ya Kiswahili, ambayo kwa kazi hii ni chombo kizuri sana kwa kuwa inaandika sauti kama ilivyo. Mmoja ataandika "masbi", mwingine "mazibi". Ndipo uwape maandishi: "must be". Sasa wafute kwa penseli kila herufi isiyosikika, kisha wasikilize tena.

Halafu punguza kasi ya rekodi. Programu nyingi za simu na YouTube zinaweza hilo. Wanafunzi huamini kwamba ikipunguzwa, "t" itajitokeza, kwamba ilijificha tu kwenye mbio. Haitokei. Hata kwa nusu ya kasi haipo, kwa sababu haikutamkwa kamwe. Ugunduzi huu una nguvu kuliko maelezo ya saa nzima, na unamwondolea mwanafunzi lawama aliyokuwa akijibebesha kwamba masikio yake ni mazito.

Kwa anayetaka mifano mingi ya neno moja, tovuti ya YouGlish hutafuta mahali neno au kifungu kilipotamkwa katika video za watu halisi, wa Uingereza, Marekani, Australia na kwingineko. Na mwalimu akipata kamusi ya matamshi ya Longman aliyoiandaa John Wells, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1990, ataona sauti zinazoweza kuachwa zimechapishwa kwa mlazo ndani ya unukuzi. Ni nadra kuiona katika maktaba za shule zetu, na inastahili kuwepo.

Kutamka kuna nafasi yake pia, kwa ajili ya sikio. Mwanafunzi arudie "next day, next day, next day" kwa kasi inayoongezeka hadi "t" imtoke yenyewe. Akishaihisi ikidondoka kwenye ulimi wake, ataitambua ikidondoka kwa mwingine. Dakika kumi kwa kipindi zinatosha. Zaidi ya hapo masikio yanachoka.

Swali linalofuata huwa ni kama naye anapaswa kuzungumza hivyo, na hapa natofautiana na walimu wanaouza "lafudhi ya mzawa" kwa ada kubwa. Jennifer Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alichunguza mazungumzo ya Kiingereza kati ya watu ambao wote si wazawa wa lugha hiyo, akatenga matamshi yanayobeba kueleweka na yale yasiyobeba. Kufifisha maneno madogo kwa mtindo wa wazawa hakukuingia kwenye orodha yake ya lazima. Tena aliona kwamba kuongeza irabu kati ya konsonanti hakuharibu uelewano kama kudondosha konsonanti mahali pasipo pake. Tabia yetu ya blanketi, basi, si dhambi kubwa. Mfanyabiashara wa Kigali anayezungumza na Mchina, au mhudumu wa hoteli wa Malindi anayezungumza na Mwitaliano, anaeleweka vizuri zaidi akitamka kila sauti. Matamshi kamili ya mwalimu wetu wa kijijini yana wateja wengi duniani. Asiyatupe. Aongeze sikio.

Kuna kazi ambazo zimeamua kutocheza kabisa na suala hili. Kwenye mawasiliano ya ndege, rubani aliyepewa agizo asiloweza kulitimiza hasemi "can't", husema "unable". Kukubali ni "affirm", kukataa ni "negative". Tatu hutamkwa "tree", tano "fife", tisa "niner", ili hata redio ikikwaruza namba isipotee. Wodi za hospitali na ghala za mizigo hazina mpangilio wa namna hiyo, kwa hiyo mfanyakazi lazima aubebe mwenyewe. Nisingemruhusu mwanafunzi yeyote amalize kozi bila kuwa na swali la uhakiki kwenye ncha ya ulimi: "So he cannot?" Neno "cannot" lina silabi mbili, na silabi ya pili haijifichi. Kuuliza hivyo si aibu. Wenye lugha yao huuliza pia.

Kinachonisikitisha ni mahali ambapo mitihani imeuweka udondoshaji. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina sehemu ya stadi za kuzungumza ambayo mtahiniwa huijibu kwa kalamu, kimya kimya. Mojawapo ya maswali yanayozoeleka ni kutaja herufi zisizotamkwa: "k" ya "knee", "t" ya "castle", "l" ya "talk". Hizo ni sauti zilizokuwa zikisemwa zamani zikaanguka, huku tahajia iliyoanza kutulia baada ya William Caxton kuleta mashine ya uchapaji Uingereza mwaka 1476 ikiendelea kuzibeba. "T" ya "listen" ilidondoka kwa mwendo ule ule unaoidondosha "t" ya "last night" leo. Tunamfundisha mtoto makaburi ya udondoshaji na kumwachia ulio hai aupambanie mwenyewe ugenini.

Wakubwa wa mitihani hujibu kwamba kusikiliza ni ghali: kunataka vifaa, umeme, chumba tulivu. Lakini Kenya inafanya hivyo tayari. Mtahiniwa wa Kifaransa katika KCSE husikiliza na kujibu kutokana na alichokisikia. Ni sehemu ya karatasi yake ya kwanza. Kifaransa nacho hudondosha vilivyo, maneno "je ne sais pas" yakitoka kama "shepa", na walimu wake huwaandaa wanafunzi kwa hilo kwa sababu wanajua litaulizwa. Mtahiniwa huyo huyo akifanya Kiingereza, lugha atakayoajiriwa nayo na pengine atakayovuka nayo bahari, hachezewi hata sekunde moja ya sauti. Ningeanza hapo: kipande cha dakika tano, cha watu wawili wakizungumza kwa kawaida yao, mmoja wa Leeds na mwingine wa Lagos, katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza. Walimu watajua la kufanya kabla muhula haujaisha.